Malalamiko: kalamu yangu ya wino mmeiharibu na nibu yangu ya dhahabu sijarudishiwa

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Sizunguki, nataka nibu yangu, ile ncha ya kuandikia. Ile ya dhahabu, karati 14, imeandikwa Waterman's Ideal, jina la kiwanda cha kalamu yenyewe, ilikuwepo kwenye kalamu siku nawakabidhi na kalamu imerudi haina, badala yake mmefunga nibu ya chuma imeandikwa Iridium Point Germany, zile zinazofungwa kwenye kalamu mpya za bei ya chini, mtu anayezijua kalamu akiitupia jicho tu anajua. Kwenye risiti yenu hakuna mahali pameandikwa nibu inabadilishwa. Nilivyopiga simu kijana wa mapokezi akanijibu eti ya zamani ilikuwa imeshalegea ndo maana fundi akaweka mpya ngumu. Jamani, haikulegea, ndivyo ilivyotengenezwa! Nibu hizo ukizikandamiza kidogo zinatanuka, ukishuka na herufi mstari unanenepa, ukipanda unakuwa mwembamba, na watu wanazitafuta Waterman za miaka ya 1920 kwa sababu hiyohiyo, nibu za aina ile siku hizi kuzipata mpya ni shida. Kwahiyo fundi wenu aling'oa kitu cha thamani kuliko vyote kwenye ile kalamu akidhani ni ubovu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia kiko wapi.

Na kazi niliyowaletea ilikuwa ndogo. Kalamu ni Waterman 52, hiyo 5 maana yake inajazwa wino kwa leva ya pembeni na hiyo 2 ni saizi ya nibu, ndani yake kuna kifuko cha mpira, unainua leva kinabanwa, unaachia kinavuta wino. Mpira ukizeeka unakauka unavunjikavunjika, hiyo ni kawaida kwa kalamu zote za leva, dawa yake ni kubadilisha kifuko. Nikawaambia hivyo, na mpokeaji wenu akaandika kwenye fomu kwa mkono wake "badilisha kifuko", nakala ninayo. Hakuna aliyeombwa kung'arisha wala kubadilisha nibu.

Sasa nawaeleza nilichokikuta nilivyofungua boksi, nataka huyo fundi asomewe haya.

Kalamu ilikuwa nyeusi. Imerudi rangi ya kahawia inayoelekea kijani, na kifuniko kimebaki cheusi, yaani ukikifunga unaona vipande viwili kama vimetoka kwenye kalamu mbili tofauti. Nikaambiwa mwili wa kalamu ulilowekwa kwenye maji ya moto na sabuni usiku kucha ili wino ulioganda utoke. Ile sio plastiki. Ile ni eboniti, mpira mgumu uliopikwa na salfa nyingi, na maadui zake wanajulikana, maji na mwanga, na maji ya moto ndo yanaimaliza haraka kabisa, salfa ya juu inabadilika na ule weusi unaondoka haurudi. Mpaka sasa nikiisugua kwa kidole gumba inatoa harufu ya salfa. Fundi yeyote wa kalamu za zamani hili analijua kabla hajajua lingine lolote, anasafisha nibu na ulimi wa wino, kile kipande cha chini ya nibu kinachopitisha wino, pembeni, mwili wa eboniti anaufuta tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Halafu sijui ni kwa kuona imechuja au vipi, mkaipiga polishi ya mashine. Ilikuwa na nakshi ya mistari ya mawimbi mwili mzima na maandishi ya kiwandani yamegandamizwa pembeni, bado yalikuwa yanasomeka vizuri. Mawimbi sasa hivi lazima uipeleke dirishani uigeuzegeuze ndo uyaone, na maandishi yamebaki herufi mbili tatu za mwisho. Mpira ulioliwa na mashine haurudishiki, hata mngemleta fundi bora duniani.

Ila lililoniumiza zaidi ni gundi, kwa sababu hapo mmewafungia njia hata wengine. Kifuko kinagandishwa kwa shelaki, gundi ya asili, kidogo tu, pale kwenye shingo ya ndani ya sehemu ya kushikia, na sababu ya kutumia shelaki ni kwamba ikipata joto dogo inalainika, kwahiyo atakayeifungua miaka ijayo anaifungua bila kuvunja kitu. Ile sehemu ya kushikia yenyewe inaingia kwenye mwili wa kalamu kwa kubana tu. Nyie mmeimwagia supaglu. Ukungu mweupe wa supaglu umezunguka kiungo chote, unaonekana kwa macho bila lenzi. Na kifuko mlichoweka ni kinene kuliko nafasi yake, leva haikai chini, imebaki imeinuka, na siwezi kukitoa niweke cha saizi yake kwa sababu hapafunguki. Nimewatumia picha mafundi wawili wa kalamu, kila mmoja kwa wakati wake, wote wamesema wakijaribu kupafungua mwili unaweza kupasuka.

Hii kalamu ilikuwa ya marehemu baba mkubwa, alikuwa karani, aliandikia maisha yake yote ya kazi. Sijaitaja ili mnionee huruma, nataka muelewe kwanini maneno ya kuniambia "tutakupa nyingine mpya" hayanisaidii.

Kilichonileta kwenu ni tangazo lenu, "wataalamu wa kalamu za zamani". Kumpata mtu wa kazi hii ni ngumu mno, waliobaki ni wachache, wengi wanafanya peke yao na foleni zao ni za miezi, ndo maana mtu akiona kampuni inajiita wataalamu na inapokea kazi papo hapo anashukuru. Na nyie mnalijua hilo. Mtaalamu angeniomba picha kwanza, angeniuliza mwili ni wa eboniti au seluloidi, ile plastiki ya zamani, maana seluloidi nayo inashika moto haraka na haitakiwi kuguswa na spiriti, angeniambia kipi anaweza na kipi hawezi, na kazi ikiisha angenirudishia kila kipande cha zamani kwenye kimfuko chake. Kwenu niliulizwa jina na namba ya simu. Baadaye kwa simu ndo nikafahamishwa kwamba aliyeifanya ni fundi wenu wa saa. Sina ugomvi na mafundi saa, ila saa sio kalamu, na kama hamna mtu wa kalamu mngesema hamna, ningeondoka na kalamu yangu nzima.

Kwahiyo nibu irudishwe, hiyohiyo yenyewe, sio inayofanana nayo, na kama imeuzwa au imetupwa mniandikie wazi nani alifanya hivyo na lini. Pesa yote niliyolipa irudi. Gharama ya mtaalamu nitakayempata wa kuifungua hiyo supaglu mlipe nyie, na akishindwa mlipe thamani ya kalamu kama ilivyokuwa kabla, nina picha zake kila upande nilizopiga kabla ya kuileta. Na lile neno wataalamu litoeni kwenye tangazo mpaka mtakapoajiri mtu wa kazi hiyo, kuna wenzangu wataleta kalamu za wazazi wao kesho.

Majibu nayataka kwa maandishi, yawe na jina la mtu anayehusika, sio simu tena. Mkikaa kimya ndani ya siku 14 naipeleka kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji pamoja na fomu, risiti na picha zote. Nibu ikipatikana msiitume kwenye bahasha ya kawaida itapinda, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Mteja wenu, mwenye Waterman 52