Tamthilia za TV na maisha ya watu

Mhariri, naomba kanafasi niongelee hii tamthilia ya The Crown, ile ya Netflix inayohusu familia ya kifalme ya Uingereza. Msimu wa mwisho, ule wa 2023, umeonyesha siku za mwisho za Princess Diana kule Paris, mapaparazi na mapikipiki wanamkimbiza mpaka ile ajali ya Agosti 31, 1997. Elizabeth Debicki, aliyeigiza kama Diana, kaigiza vizuri mno sina ugomvi nae kabisa, ila inaniuma kwamba hao hao waandaaji wanaotuonyesha ubaya wa wapiga picha wanaingia chumbani kwa marehemu na kutunga maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasikia, na watoto wake wawili wako hai wanaona.

2022 Judi Dench, muigizaji mkubwa tu Uingereza, aliliandikia gazeti la The Times akiomba kila episodi ianze na maneno ya kusema hii ni hadithi. Netflix wakaandika kwenye maelezo ya trela, sio mwanzo wa kila episodi! Sasa kijana aliyezaliwa 2005 atajuaje kipi kweli kipi kimetungwa?

Ikumbukwe pia 2008 jopo la mahakama London lilisema kifo cha Diana kilisababishwa na uzembe mkubwa wa dereva wake pamoja na wa magari yaliyokuwa yanawafuata. Yaani picha za kuuza magazeti zimechangia mtu kufa jamani.

Na nyie wa magazeti ya hapa, wasanii wetu wakilazwa au wakifiwa waacheni kwanza, msiwavizie na makamera mlangoni.

Msomaji wenu, Dar es Salaam