Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Jukwaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Tamthilia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya Kikundi cha Mafundi wa Jukwaa, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Usiku huu utawapigia makofi waigizaji, na wanastahili. Sisi hutatuona. Tumevaa nguo nyeusi makusudi, na ukituona ujue kuna jambo limeharibika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi kilipoanza tulidhani tutakabidhiwa nyundo, nyaya na taa siku hiyohiyo. Mwalimu wetu mlezi akatugawia madaftari. Majuma mawili hatukugusa kitu, tukawa tunajifunza maneno tu, na tulinung'unika kwelikweli. Manung'uniko yaliisha siku ya zoezi la kwanza, pale mmoja wetu aliposema, "Isogezeni meza kushoto." Waliokuwa wameishika walikuwa wawili, mmoja anaitazama hadhira, mwenzake anatazama ukuta wa nyuma. Kila mmoja akavuta kushoto kwake. Meza ile leo ina miguu mitatu na tofali.

Kumbe jukwaani kushoto ni kumoja tu: kushoto kwa mwigizaji anayeitazama hadhira. Wewe uliyeketi hapo unakuona kulia kwako. Neno "nyuma" nalo lilitutesa. Ni nyuma ya mwigizaji, au ni kule maleba yanakotundikwa? Mafundi wa Uingereza husema "juu" na "chini" ya jukwaa, kwa sababu zamani majukwaa mengi yalijengwa kwa mwinuko, sehemu ya mbali na hadhira ikawa juu zaidi. Letu ni tambarare, kwa hiyo tumekubaliana hivi: "mbele" ni karibu na hadhira, "kina" ni mbali nayo, na "nyuma ya pazia" ni mahali petu pa kazi, ingawa magazeti yamelifanya neno hilo kuwa la watu wenye hila.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua neno la kuamuru. Meneja wa jukwaa hufuatilia mchezo kwenye mswada, na kila badiliko la taa, sauti au pazia lina namba yake. Mwanzoni tuliliita "kiu", kama mafundi wengi wanavyolitamka neno la Kiingereza "cue", hadi mwenzetu mgeni aliposikia "kiu ya tano" akakimbia kuleta maji. Sasa tunasema "ishara". Meneja hutangulia kusema, "Jiandae, ishara ya tano ya taa," na fundi hujibu, "Tayari." Halafu linafuata neno la kutenda. Tulijaribu "twende", tukajuta: mmoja alimwambia rafiki yake "twende" karibu na redio ya mawasiliano iliyo wazi, na ukumbi mzima ukaingia giza katikati ya harusi ya mhusika mkuu. Tukatafuta neno ambalo hakuna anayelisema kwa bahati mbaya, tukapata "fyatua". Meneja asiposema "fyatua", hakuna mkono unaosogea.

Lipo na neno la hatari. Kitu kikiponyoka kutoka kwenye vyuma vya juu, tulizoea kupiga kelele, "Angalia juu!" Watu wote wakainua nyuso kukipokea. Sasa tunasema, "Kichwa!" Ukilisikia, usitazame juu. Funika kichwa, uondoke hapo.

Kuhusu taa hatutakuchosha. Utaona mwanga ulioyeyuka kingo zake; huo unatoka kwenye taa yenye lenzi ya Fresnel, mwanafizikia wa Ufaransa aliyebuni lenzi hizo kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Utaona pia vivuli vya majani sakafuni. Hakuna mti. Ni gobo, kibati kilichotobolewa kikawekwa ndani ya taa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, neno la mwisho tulilojifunza ni "pazia la moto", nalo halina mzaha. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, Marekani, taa ya jukwaani iliunguza kitambaa. Pazia la kuzuia moto liliposhushwa likakwama kabla ya kufika chini, na milango kadhaa ya kutokea haikufunguka. Walikufa watu zaidi ya 600, wengi wao wanawake na watoto, katika jengo lililokuwa limefunguliwa mwezi uliotangulia. Tangu tusikie habari hiyo, kila kabla ya onyesho wawili wetu hufungua kila mlango wa ukumbi huu kwa mikono yao. Leo yote imefunguka.

Changamoto zetu ni tatu. Redio tulizo nazo ni mbili na za kuazima, hivyo fundi wa pazia huongozwa kwa kurunzi. Juu ya milango hakuna taa za dharura za kuwaka umeme ukikatika. Tatu, orodha yetu ya maneno imo katika daftari moja lililochakaa, na wanaojiunga hulinakili kwa zamu. Tunaomba utusaidie kwa lolote kati ya hayo. Ukituuliza tuanze na lipi, ni taa za milangoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meneja wa jukwaa ameshasema "jiandae", na fundi wa taa amejibu.

Tunaomba kuwasilisha.