Barua kutoka Lisbon Street

Lewiston, Maine
15 Februari

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku tu wazima, na ni matumaini yangu kuwa nanyi Mombasa hamjambo. Barua yako ilinifikia siku nyingi, na kuchelewa kuijibu si dharau; nilikuwa nangoja tarehe 14 ipite.

Uliniuliza biashara ya Marekani inakwendaje, nami naona nianzie hapo kwenye tarehe. Familia zenye kipato kidogo hupata msaada wa serikali wa chakula kwa kadi inayofanana na ya benki, na katika jimbo hili fedha huingia kati ya tarehe 10 na 14 ya kila mwezi, kila mtu siku yake kwa kufuata tarehe aliyozaliwa. Siku hizo tano duka hujaa tangu kufungua hadi kufunga: watu wanabeba mchele, mafuta, tende, na nyama ya mbuzi iliyoganda ambayo naikata kwa msumeno wa umeme mpaka vidole vinakufa ganzi. Ikishafika tarehe 20 na kitu, naweza kukaa saa nzima nikisikiliza friji zikinguruma. Mwenye nyumba, naye, kodi yake haingoji.

Uliniuliza pia kama bado naweka daftari la madeni kama tulivyomwona marehemu mzee wangu akiweka. Lipo, lakini limekonda. Sheria hairuhusu kadi ile kulipia kitu kilichochukuliwa jana, na mwenye duka akivunja masharti aweza kunyang'anywa kibali cha kuipokea, na bila kibali duka la mtaa huu limekufa. Mwezi uliopita, tarehe 7, alikuja bibi mmoja akaomba mfuko wa unga, akasema, “Niandikie, baba.” Nikamwandikia. Tarehe 11 akarudi na kadi iliyojaa, akanunua vyake, kisha akaniuliza la unga. Tukatazama mashine ya kusomea kadi sote wawili, kwani fedha ilikuwamo lakini haikuweza kulipa. Taslimu hakuwa nayo. Alipotoka niliuchana ule ukurasa, na naomba hili libaki kati yetu.

Sheria hiyohiyo hairuhusu kadi kununua chakula cha moto. Mke wangu hukaanga sambusa alfajiri. Zinazoingia kwenye kabati la kioo lenye joto ni za taslimu, na zilizopoa zikawekwa kwenye friji ni halali kwa kadi. Kwa hiyo mteja akiuliza sambusa, swali langu la kwanza ni kama anataka ya moto au ya baridi, ilhali zote zimetoka karai moja.

Mteja wangu mwaminifu wa zile za moto ni mzee jirani ambaye wazazi wake walitoka Quebec kuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo vilivyo kando ya mto Androscoggin. Husema sambusa zinamkumbusha mkate wa nyama aliopika mama yake wakati wa Krismasi. Jimbo lilipitisha sheria mwaka 1919 ya kutaka shule za umma zifundishe kwa Kiingereza peke yake, na mzee anasema hata utotoni mwake Kifaransa kilikuwa cha kunong'ona. Viwanda vilipofungwa, maduka mengi ya Lisbon Street yalibaki matupu. Wasomali walianza kufika mwaka 2001, na mwaka uliofuata meya aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kuja. Kumbe wao ndio waliokuja kuwasha tena taa za maduka hayo. Mimi nilifika baadaye, nikakuta njia imeshafyekwa. (Wewe mpenda ndondi, jua kwamba ni mji huuhuu Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza, tarehe 25 Mei 1965.)

Kiswahili hakinipotei. Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma wanakizungumza, na Wakongo wananichekesha kwa chao, nao bila shaka wanachekeshwa na changu.

Sasa nina ombi. Harusi hapa ni nyingi majira ya joto, na kina mama wamenisumbua kwa kanga za Mombasa, si zile za kuiga. Nguo haziingii kwenye kadi, kwa hiyo zitaniletea taslimu katika zile siku kavu za mwisho wa mwezi. Nitumie jozi 40, majina uchague wewe, ila ya mafumbo makali yasizidi matano. Fedha sina mpaka ziuzwe. Niandikie kwenye daftari lako.

Wasalaam,
Rafiki yako