Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa chama chetu cha wagonjwa wa sikoseli: tusimbebe mgombea

Mwenyekiti, shikamoo.

Nimelisikia pendekezo la kamati kwamba chama kitoke hadharani kimuunge mkono yule mgombea aliyeahidi haidroksiyurea, kile kidonge cha sikoseli, bure kwa kila mgonjwa. Nakuelewa kabisa mama, miaka yote tunapiga hodi maofisini tunaambiwa njoo kesho, leo kapatikana mtu anautaja ugonjwa wetu kwa jina jukwaani, nani asingetaka kumbeba? Hata kura yangu huenda akaipata. Ila kura ni yangu, chama sio changu peke yangu.

Sisi tunasema sikoseli kama vile ni kitu kimoja, wakati mgonjwa wetu anaishi kwa vitu vingi. Anahitaji damu salama, penisilini akiwa bado mdogo, chanjo, kipimo cha ultrasaundi cha kichwani kinachoonyesha mtoto gani yuko kwenye hatari ya kiharusi, nesi anayejua kwamba huyu anayelia maumivu haigizi. Hata hicho kidonge chenyewe kinataka upimwe damu mara kwa mara maana kinaweza kushusha chembe nyeupe. Sasa mtu anaweza akatupa vidonge bure, halafu kwenye bajeti akakata hela za maabara na benki ya damu, na sisi tushapiga naye picha tukicheka. Hotuba yake nimeisikiliza yote, kuhusu damu hakugusa kabisa.

Halafu tuangalie Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama cha Black Panther, cha kutetea Wamarekani weusi, kilikuwa kinapima watu sikoseli bure, mpaka kwenye mikutano yao ya kisiasa kule Oakland, na 1973 kiongozi wao Bobby Seale akagombea umeya akashindwa. Lakini sheria ya taifa ya sikoseli ilisainiwa Mei 1972 na nani? Rais Nixon, ambaye Wamarekani weusi wengi hawakumpa kura. Sisemi aliwapenda, ulikuwa mwaka wa uchaguzi na wanasiasa hesabu wanazijua (hizo tu ndo hawakosei). Ninachosema, mkono unaosaini unaweza kuwa wa yule uliyempinga, na ukishajifunga kwa mpinzani wake unaenda kumwomba kwa sura gani?

Na hata huo mwamko wa wanasiasa haukuwa wa heri tupu. Majimbo kadhaa yalikimbilia kutunga sheria za kulazimisha watu wapimwe, wenye kurithi kinasaba kimoja tu cha sikoseli wakachanganywa na wagonjwa, wengine wakanyimwa kazi na bima wakati hawaumwi chochote.

Najua utaniambia asiye na kura za kutishia hasikilizwi, na hapo una hoja. Ila kuna njia nyingine ya kutisha. Treatment Action Campaign, shirika la kudai dawa za UKIMWI Afrika Kusini, ilianzishwa 1998, Zackie Achmat aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa mwanachama wa ANC, chama kilichokuwa kinatawala, na bado waliipeleka serikali ya ANC mahakamani kudai nevirapini, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe, kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, wakashinda Mahakama ya Katiba 2002. Kadi ya chama alikuwa nayo mtu, sio shirika, ndo maana waliweza kuwashtaki hata watu wa kwao.

Kuna na hili ambalo kamatini naona halijasemwa. Mzazi ambaye yuko upande wa pili kisiasa, mtoto akizidiwa usiku, bado atatupigia simu? Au atahisi anaomba msaada kwa wapinzani wake? Mimi sitaki ajiulize hata kidogo.

Tuwape wagombea wote maswali yaleyale kwa maandishi, kuhusu damu, dawa, kupima watoto wachanga na mafunzo ya manesi, tuyatangaze majibu pamoja na majina ya waliokaa kimya, kila mwanachama akaamue mwenyewe. Akishapita tumfuate bajeti kwa bajeti, awe huyu wetu au yule mwingine.

Rasimu ya maswali nimeshamtumia katibu, ni ukurasa mmoja tu. Naomba isomwe kabla ya kulijadili hilo pendekezo, na kama bado mtataka kulipigia kura basi iwe ya siri, kwasababu wapo wanachama wanaoogopa kuonekana wamempinga mgombea anayewaahidi dawa.