Barua kwa Mama: Chakula cha Kusini

Decatur, Georgia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na Baba na wote walioko nyumbani Suji, na kwamba mvua za vuli zimekwisha kufika milimani. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri. Uliponiuliza kwa simu ninakula nini huku, nilikujibu kwa haraka. Leo nataka kukujibu kwa utulivu, kwa sababu nimepata chakula kinachostahili kuelezwa.

Karibu na ninapoishi kuna mgahawa mdogo wa Wamarekani weusi wanaopika vyakula vya kusini mwa nchi hii. Hauna mapambo: ni meza za mbao, trei za plastiki na kaunta ambayo nyuma yake vyakula vimepangwa vikiwa vya moto. Mteja huchagua nyama ya aina moja na mboga tatu, kisha huongezewa kipande cha mkate wa mahindi bila kuomba. Jumapili mchana hujaa watu wanaotoka makanisani, kina mama wazee wakiwa na kofia zao pana, na hakuna anayeharakishwa kuondoka.

Najua utauliza kwanza habari ya nguruwe, ambaye imani yetu inatukataza kumla, na una haki, kwa maana katika mapishi haya nguruwe huingia hata ndani ya mboga: kipande cha mguu wake kilichokaushwa kwa moshi huchemshwa pamoja na majani ili kuyapa ladha. Niliuliza kabla ya kupakuliwa, na mama mpishi akanieleza kwamba yeye hutumia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi. Kambare wa kukaanga na kamba, ambavyo pia tumekatazwa, sikuvigusa.

Majani yenyewe ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki unayolima nyuma ya jiko, ila wao huyachemsha saa nzima na zaidi mpaka yalainike kabisa, kisha huyatia siki na pilipili. Wewe uliyetufundisha kuikata mboga nyembamba na kuiepua ingali kijani ungedhani imeharibika. Haijaharibika, Mama. Utamu wote umehamia kwenye mchuzi, na wenyeji huchovya mkate wa mahindi humo wasibakishe hata tone.

Kilichonigusa zaidi ni kunde. Huzipika pamoja na wali, na siku ya Mwaka Mpya familia nyingi za kusini huzila pamoja na majani hayo kwa kuutakia mwaka heri. Kunde na bamia ni mazao ya Afrika, yaliyovushwa Atlantiki katika karne za biashara ya utumwa. Na mashamba ya mpunga ya pwani ya South Carolina na Georgia yalitajirisha mabwana kwa jasho na ujuzi wa watu waliotekwa Afrika Magharibi, ambako kilimo hicho kilikuwa cha tangu zamani. Mahindi yalifanya safari ya kinyume, kwani asili yake ni huku Amerika, na leo hakuna nyumba ya Upareni isiyopika makande.

Posho ya mtumwa ilikuwa hasa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, mara nyingi ile ambayo bwana hakuitaka mezani pake. Mboga wengi walizilima wenyewe katika vibustani, baada ya kazi ya kutwa. Utumwa ulikomeshwa nchini kote mwaka 1865, lakini mapishi yakaendelea kurithiwa. Nahuzunika ninaposikia yakiitwa chakula cha kimaskini. Edna Lewis, mpishi aliyezaliwa mwaka 1916 Freetown, Virginia, kijiji ambacho babu yake na wenzake walikianzisha baada ya kuwekwa huru, aliyaandikia na kuyapika kwa heshima hadi nchi nzima ikamsikiliza. Alifariki hapa hapa Decatur mwaka 2006.

Kuku wao hulazwa katika mtindi, akapakwa unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga, kisha akakaangwa katika kikaango kizito cha chuma. Ngozi hukauka na kuvunjika mdomoni huku nyama ikibaki na maji yake. Viazi vitamu vilivyopikwa kwa siagi, sukari na mdalasini vilinishinda kwa utamu. Ningevipenda vimechemshwa tu, kama vyako.

Nilimweleza mama mpishi kwamba kwetu mahindi na kunde huingia chungu kimoja, naye ameomba kuonja. Mahindi makavu yaliyokobolewa nimeyapata sokoni. Tafadhali mwambie dada aniandikie kipimo cha magadi na muda wa kutia kunde, nisije nikazirojesha mahindi yakiwa bado magumu.

Msalimie Baba, shangazi na majirani wote.

Mwanao akupendaye