Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Seli Zetu Zinanuka Siki

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada na matumizi mnazo tayari kutoka kwa mweka hazina, nami sina la kuongeza. Nafasi yangu naitumia kwa siki.

Seli za anime, yaani vipande angavu vyenye picha mojamoja za katuni za Kijapani, ni plastiki ya asetati. Mistari iko upande wa mbele, rangi ilipakwa kwa mkono upande wa nyuma. Asetati ikizeeka hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Joto na unyevu huichochea, na mvuke wake huharibu seli za jirani. Kwetu sisi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, albamu iliyofungiwa kabatini mwaka mzima haijahifadhiwa, inaoza polepole.

Kuna mwenzetu alileta kikaoni seli ya miaka ya 1980. Mbele, uso wa msichana unang'aa, kwenye kona imeandikwa namba yake, A7. Kuigeuza, karatasi ya mchoro wa penseli imegandamana na rangi ya nywele. Akataka kuibandua, wazee wa chama wakapiga kelele, na walikuwa na haki: karatasi ikivutwa huondoka na rangi. Isitoshe, karatasi hiyo nayo ilikuwa na A7, na namba zikilingana hivyo ni ushahidi mzuri wa uhalisi wa seli kuliko cheti chochote cha muuzaji.

Wanaoniuliza kila mara kama bei za seli zitashuka, mimi sioni zikishuka. Filamu ya Akira ya 1988 ilitumia takriban seli 160,000, lakini studio zilizoea kuzitupa au kuzigawa kazi ikiisha. Kisha kompyuta ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1990. Sazae-san, iliyong'ang'ania seli kuliko vipindi vyote vya televisheni, iliziacha Septemba 2013.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fungu la manunuzi la mwaka ujao liende kwenye mashine ya kupunguza unyevu na mifuko isiyo ya plastiki ya PVC. Najua wapo watakaonuna, hasa waliokwisha kuchagua vitu vya kuagiza Nakano, mtaa wa Tokyo wenye maduka ya seli.

Kabla ya mkutano mkuu, kila mmoja afungue albamu zake na anuse. Inayonuka itengwe, iachwe ipate hewa mbali na jua. Orodha zenu za seli zinazonuka apewe katibu, ambaye, kwa taarifa yenu, anamaliza muda wake na hagombei tena.

Mwenyekiti