Asante dada uliyenifundisha kupanga vitu

Jamani nataka nimshukuru mtu mmoja, jina lake silijui na sijui hata kama atasoma hapa, yule dada aliyeona picha ya droo yangu ya vizibo, vibanio vya nguo na funguo zisizo na kufuli akaniandikia maelezo marefuuu bila hata kuombwa. Akaniambia mwaga vyote juu ya karatasi nyeupe, toa visivyohusika, vinavyofanana vikae pamoja, halafu vinyooshe viwe sambamba au pembe mraba, kisha piga picha kutoka juu kabisa mwanga ukitokea upande mmoja. Ndo akanipa na stori ya upangaji huo, kwamba mwaka 1987 Andrew Kromelow, msafishaji kwenye karakana ya msanifu majengo Frank Gehry kule Marekani, alikuwa anapanga hivyo zana zilizozagaa ili zionekane zote kwa mpigo, baadaye msanii Tom Sachs akaidaka hiyo staili.

Yaani ufunguo ukiupa nafasi yake pande zote unaanza kuona meno, kutu ya kwenye tundu, na pale palipong'aa kwa kushikwashikwa. Sasa hivi nachora funguo kwa wino mfululizo, na rangi nazitoa kwenye vizibo, hasa ile nyekundu iliyopauka. (Vibanio ni wakorofi, havitulii mahali pamoja!)

Dada yangu popote ulipo, asante sana sana. Na lile swali lako kwamba vifungo vya nguo nilivipangaje: nilivipanga kwa ukubwa kwanza, rangi baadaye.